Pete za Chupa za Soda Zilivyomaliza Ugomvi Mezani Petu

Tuko watano. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana sebuleni kwangu Migosi, Kisumu, tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mashujaa kwa dadu, na mimi ndiye mwendesha mchezo, ninayewachezea maadui. Ramani yetu ni karatasi ya manila iliyochorwa miraba ya inchi moja moja, kila mraba ukihesabiwa futi tano za mchezoni. Vinyago vya kununuliwa tunavyo sita tu. Maadui wengine wote ni washa za chuma, vile viduara vya kuwekea boliti, kutoka duka la vifaa vya ujenzi, tumezibandika picha za karatasi zinazosimama wima. Uchache wa vinyago haukutusumbua hata siku moja. Shida ilikuwa kukumbuka nani amepatwa na nini.

Kwa asiyeujua mchezo: vita vikipamba moto mtu anaweza kupofushwa, kutiwa sumu, kushikwa na hofu, kupooza, na mengine. Toleo la tano, lile la 2014, lina hali 15 za namna hii, kila moja na masharti yake. Aliyepooza, kwa mfano, ukimpata kwa pigo ukiwa ndani ya futi tano, dadu za madhara zinarushwa maradufu. Kwa hiyo kusahau hali si jambo dogo. Ni uhai wa mtu.

Nilianza na vikaratasi chini ya vinyago. Lakini Kisumu kwa joto lile madirisha hayafungwi, na alasiri upepo wa ziwa ukiingia hauombi ruhusa. Siku moja sumu ya zimwi ilipeperuka ikatua kwa padri, mmoja wa wahusika wetu mchezoni. Nikajaribu shanga. Mtoto wa dada yangu akaingiza moja puani, na shanga zikaishia hapo.

Pete aliziona mwenzetu mmoja akifungua soda ya plastiki: kile kiduara kinachobaki shingoni mwa chupa kifuniko kikishatoka. Akakichomoa kwa kisu, akamvisha askari wake. Kitako cha kinyago ni milimita 25, na shingo ya chupa ni kama 28, basi pete ikashuka ikatulia, kama imetengenezewa pale. Kesho yake nikaenda kwa mama mwenye kibanda karibu na steji nikamwomba aniwekee. Akaniangalia. "Nyathina (mwanangu, kwa Kijaluo), pete zote hizi, unataka kuoa wangapi?"

Tukagawa rangi: nyekundu hofu, kijani sumu, buluu kupooza. Ilionekana safi sana. Kumbe tulikuwa tumekosea.

Mchawi wetu alimgandisha mkuu wa majambazi, akapooza, akavishwa pete ya buluu. Uchawi ule unaweza kudumu hadi dakika moja, yaani raundi 10, mradi mchawi asipoteze umakini. Raundi iliyofuata mchawi akala mshale, akarusha dadu ya kujiokoa. Alihitaji 10, hakufika. Umakini ukavunjika pale pale, ila kwa kelele za meza hakuna aliyeigusa pete ya buluu. Mpiganaji wetu akamshukia jambazi kwa mapigo mawili ya maradufu, akamaliza kazi. Nusu saa baadaye jamaa wa mchawi anauliza kwa upole, "Kwani si mimi nilipoteza umakini?" Chai ilipoa tukibishana. Niliamua jambazi abaki maiti, na bado naona niliamua sawa, maana kufufua maadui kwa kurudisha nyuma saa ni kuua mchezo.

Usiku ule ndipo nilipoelewa. Pete ilituambia jambazi ana nini. Haikutuambia amepewa na nani, na mara nyingi ni huyo aliyempa ndiye hali inamtegemea. Tukabadilisha: rangi ikawa ya mtu. Buluu ni za mchawi, nyekundu za padri, maadui wangu wote ni nyeusi. Padri akibariki wenzake watatu, nyekundu tatu zinaingia mezani; umakini wake ukivunjika, yeye mwenyewe anainuka na kuzichomoa zote tatu. Na kwa kuwa sheria hairuhusu kushikilia uchawi wa umakini zaidi ya mmoja kwa wakati, rangi moja ni jambo moja. Hali isiyotegemea umakini, pete yake tunaikata pengo dogo kwa mkasi.

Hali nyingine hazihitaji pete hata kidogo. Aliyeanguka analazwa ubavu, aliyezimia anapinduliwa kichwa chini. Uchovu, wenye ngazi sita, kila mtu anauandika kwenye karatasi yake, kwa sababu hudumu hata baada ya vita kwisha.

Mama wa kibanda sasa ananiwekea pete kwenye kopo la Blue Band. Nyeusi ndizo haba, na mimi ndiye mwenye maadui wengi.