Dozi moja kabla ya kisu: tulivyoacha dawa za siku saba katika maternite yetu ya Bukavu

Mumewe alikuwa mbebaji wa mizigo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Siku ya nne baada ya mke wake kujifungua kwa kupasuliwa alinijia na karatasi ya dawa mkononi, imekunjwakunjwa hadi wino umeanza kufutika. Mwandiko ulikuwa wangu, antibiotiki tatu za kuzuia maambukizi: ampisilini kila baada ya saa sita, gentamisini, metronidazoli ya kutundika, zote kwa siku saba. Chini yake mabomba ya sindano, mipira ya seriumu, glavu, pamba na plasta. Siku mbili za kwanza alinunua vyote. Ya tatu alileta nusu. Sasa akaniuliza kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie: "Docta, kati ya hizi tatu, ni gani naweza kuacha?"

Sikuwa na jibu. Mama hakuwa na homa, kidonda kilikuwa kikavu, mtoto alikuwa ananyonya vizuri. Nilimwandikia dawa zile kwa sababu ndivyo nilivyokuta zikiandikwa nilipokuja kufanya stage, yaani mafunzo ya kazi, na aliyenifundisha naye ndivyo alivyokuta. Nilimwambia aendelee na zote. Niliondoka pale kitandani na aibu ambayo sijaisahau.

Kwetu wakati ule familia ndiyo iliyokuwa inalipa. Ililipa upasuaji, ililipa kitanda, ililipa dawa chupa kwa chupa, hata kisu chenyewe. Mama aliyepona alilala wodini majuma kadhaa akisubiri ndugu wachange deni liishe. Kwa hiyo mtu akiandika dawa ya siku saba mahali ambapo siku moja ingetosha, alikuwa anaongeza siku za mama huyo kubaki mbali na watoto aliowaacha nyumbani.

Usiku ule nilinunua mega za intaneti na kutafuta kwenye simu. Nikapata utafiti mmoja uliosema dozi moja inatosha. Nilifurahi, na asubuhi kwenye kikao niliusoma mbele ya wote. Daktari wetu mkubwa, mzee aliyefanya kazi hii kabla mimi sijazaliwa, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanitajia utafiti mwingine uliosema dawa za siku nyingi ni bora. "Mwanangu, wewe una karatasi moja, mimi nina moja. Tuhesabu nani ana mvi nyingi?" Hakunidharau, alinionyesha pengo. Nilikuwa nimechagua utafiti ulionipendeza.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mapitio ya kimfumo kwa dhati. Chuoni tulitajiwa jina tu. Wanaofanya mapitio ya kimfumo huweka swali kwanza, wakaandika mapema watatafuta wapi na watakubali tafiti za aina gani. Kisha hukusanya majaribio yote yanayolihusu swali hilo, yenye majibu wanayoyapenda na wasiyoyapenda. Kila jaribio hukaguliwa lilifanywaje: je, wagonjwa waligawanywa kwa kura, au daktari aliwachagulia walio wazima dawa anayoiamini? Mwishoni, inapowezekana, matokeo hujumlishwa pamoja. Daktari Mskoti Archie Cochrane aliwalaumu madaktari wenzake mapema kwa kutokuwa na mkusanyo wa namna hiyo, na shirika lililoanzishwa mwaka 1993 lilichukua jina lake. Maktaba yake ilifunguka kwenye simu yangu pale Bukavu bila kulipa, na muhtasari mwingi uko kwa Kifaransa. Kwa majarida mengine kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, ambao hufungulia taasisi za nchi kama yetu milango ambayo wengine huilipia pesa nyingi.

Swali lenyewe tulilitengeneza pamoja na mama mkuu wa wakunga, naye alilinyoosha kuliko mimi. Mimi niliandika, "Je, antibiotiki za siku saba zina faida?" Akasema, "Docta, faida kwa nani? Na mama yupi? Aliyekuja maji yametoka siku mbili na yananuka, huyo si sawa na yule tuliyempasua asubuhi hana kitu." Tukaligawa: mama asiye na maambukizi, anayepasuliwa, dozi moja, ikilinganishwa na dozi nyingi, tukitazama kidonda kutoa usaha na mfuko wa uzazi kuambukizwa. Akaongeza la pili ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: dozi hiyo itolewe saa ngapi?

Swali lake la pili ndilo lililobadilisha kila kitu.

Nilimchorea nyuma ya patogramu iliyoharibika, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, namna ya kusoma mchoro wa mapitio haya. Kila jaribio ni mstari mfupi uliolala, na katikati umesimama mstari mmoja wa wima. Mstari mfupi ukikaa wote upande mmoja wa wima, jaribio lile limeona tofauti. Ukiukata wima, halijasema neno la hakika. Chini kabisa kuna umbo la almasi linalobeba jumla ya yote. Mama mkuu aliweka kidole kwenye almasi akauliza mbona ni nyembamba kuliko mistari iliyo juu yake. Kwa sababu inabeba wanawake wa majaribio yote, nikamwambia, na wakiwa wengi shaka hupungua. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena utafiti unasemaje. Aliuliza almasi iko wapi.

Mapitio ya kwanza tuliyosoma yalikusanya tafiti 95 zenye wanawake zaidi ya 15,000: mama anayepasuliwa akipewa antibiotiki ya kinga, maambukizi ya kidonda na ya mfuko wa uzazi hupungua kwa asilimia 60 hadi 70. Hapo hapakuwa na mabishano. Ya pili yalikuwa na majaribio 10 na wanawake 5,041, nayo yalilinganisha kutoa dawa kabla ya kisu kugusa ngozi na kuitoa baada ya kitovu cha mtoto kukatwa. Waliopewa kabla walipata maambukizi ya mfuko wa uzazi pungufu kwa asilimia 46, na ya kidonda pungufu kwa asilimia 41. Watoto wao hawakuonekana kudhurika, na hofu ya kumdhuru mtoto ndiyo iliyokuwa imewafanya madaktari wengi wachelewe.

Nilifungua mafaili ya mama zetu. Dozi ya kwanza ilikuwa inatolewa wodini, mama amekwisha kushonwa, mara nyingi baada ya mume kurudi kutoka farmasi. Tulikuwa tunatoa dawa nyingi sana, na zote zilikuwa zinafika vijidudu vimekwisha kuingia. Nilikaa na mafaili yale hadi umeme ukakatika.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulijengwa juu ya majaribio 69 ya upasuaji wa aina nyingi, yenye wagonjwa zaidi ya 21,000, ukapendekeza kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Na dawa ipi? Sefazolini, ya jamii ya sefalosporini, kwetu ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mapitio mengine yalionyesha kuwa kwa mama anayepasuliwa, penisilini na sefalosporini hukinga kwa kiwango kinachokaribiana. Ampisilini, ambayo ni ya jamii ya penisilini, tunayo mjini kote.

Nikarudi kwenye kikao. Mzee alisoma karatasi zote, akavua miwani. "Wanawake hawa walipasuliwa wapi?" Sehemu kubwa katika nchi tajiri, nikakiri. "Wana maji bombani kila saa? Otoklavu yao ya kuua vijidudu kwenye vyombo inakatikiwa na umeme katikati ya kazi? Mama zao wanakuja wamebebwa kwenye tipoyi kutoka milimani, wana damu kidogo, wamesukuma siku mbili?" Wengine wodini waliona anapinga tu. Mimi niliona kwamba ameuliza swali gumu kuliko yote, na kuna tukio la kweli linalompa haki.

Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto anayetaka kuzaliwa kabla ya wakati ilijaribiwa kwanza New Zealand, matokeo yakatoka mwaka 1972. Majaribio yalipokusanywa pamoja, almasi ilisema wazi kwamba inaokoa watoto, na mchoro huo ndio uliogeuzwa kuwa nembo ya shirika la Cochrane. Lakini ilipopelekwa vijijini na kwenye vituo vidogo katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, matokeo ya mwaka 2015 yaliwashtua wengi: ukiwahesabu watoto wote, vifo viliongezeka kidogo badala ya kupungua. Umri wa mimba ulikuwa haujulikani vizuri, na watoto wengi waliopitiwa na sindano hawakuwa njiti. Baadaye, mwaka 2020, jaribio jingine katika hospitali za nchi tano, Kenya na Nigeria zikiwemo, zenye njia ya kupima umri wa mimba na ya kumtunza njiti, lilionyesha tena kwamba sindano inaokoa. Dawa ilikuwa ileile. Mahali ndipo palipotofautiana.

Kwa hiyo sikumjibu mzee siku ile. Nilirudi kutafuta kama kuna mahali panapofanana na petu. Nikapata Mwanza, hospitali ya Bugando, ng'ambo ya Rwanda na Burundi: wanawake 500 waligawanywa kwa kura, nusu yao wakapewa dozi moja ya gentamisini na metronidazoli kabla ya upasuaji, nusu nyingine dozi kadhaa. Waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa asilimia 4.8 kwa dozi moja na 6.4 kwa dozi nyingi. Jaribio moja halitoshi, hilo nilikwisha kufundishwa. Lakini likiwa limekaa upande uleule wa almasi kubwa, na wanawake wake wakifanana na wa Bagira na Walungu huku kwetu, lilikuwa na uzito mwingine. Mzee alilisoma kwa kutulia, akasema tujaribu, kwa sharti kwamba kila kidonda kifuatiliwe hadi siku ya thelathini, hata mama akiwa amekwisha kwenda kwake.

Tukaandika mpango kwenye ukurasa mmoja. Ampisilini gramu mbili mshipani kabla ya kisu. Mama mwenye homa, au maji yanayonuka, au dalili yoyote ya maambukizi, huyo hayumo: anahitaji tiba kamili, na tiba haipunguzwi. Chupa za dozi ya kinga zikae katika bloku, chumba cha upasuaji, deni liandikwe baadaye, ili dawa isimsubiri mume anayepanda mlima kutoka farmasi.

Juma la pili kidonda cha mama mmoja kikaanza kutoa usaha. Nilihisi miguu inalegea. Wapo waliosema mara moja, "Tuliwaambia." Mama mkuu alichukua faili akalisoma mstari kwa mstari. Dozi ilikuwa imetolewa, ila hapakuwa na saa. Tulipouliza, ikajulikana kwamba haraka ilikuwa nyingi na sindano ilidungwa wakati mtoto ameshatolewa. Mama yule tulimtibu hadi akapona. Tangu hapo anayelaza mgonjwa usingizi huandika saa ya dozi kwa chaki kwenye ubao wa bloku, na mwenye kisu haanzi mpaka aisome kwa sauti. Vidonda tulivyofuatilia kwa simu na kwa kuwatuma wahudumu wa mitaani havikuongezeka kuliko zamani. Wodi moja haiwezi kuthibitisha kitu kwa hesabu yake peke yake, na nilimwambia mzee hivyo kabla hajaniambia yeye.

Kilichonishinda kukitabiri kilitoka kwa familia. Mama mmoja alipasuliwa usiku, na asubuhi mama mkwe wake aliona vitanda vya jirani, wale waliokuwa wanatibiwa maambukizi, wametundikiwa chupa, cha mkwewe hakina kitu. Alikwenda Nyawera akanunua ampisilini ya siku nzima kwa franga alizokopa, akaniwekea mezani. "Docta, munamunyima dawa juu hatuna pesa?"

Nilimvutia kiti. Nikamweleza kwamba dawa ya mkwewe ilitangulia kuingia mwilini kabla ya kisu, kama mtu anayefunga mlango kabla mwizi hajafika, na kwamba chupa za leo zingemwongezea deni bila kumwongezea afya. Tukaenda pamoja kitandani, tukafungua bandeji ya kidonda, akakitazama mwenyewe kwa muda mrefu. Aliuliza maswali mengi, na mengine yalikuwa mazuri kuliko yale ya kikaoni. Mwishowe akauliza afanye nini na chupa zake, maana farmasi haitazirudisha.

Mama mkuu alizikagua: zimefungwa, tarehe iko mbali. Akamwomba amuuzie kwa ajili ya bloku kwa bei ileile. Mama mkwe alichukua franga zake, akaacha chupa mbili bila kulipwa. Usiku uliofuata aliletwa mwanamke kutoka upande wa Panzi, peke yake, hana hata kanga ya kumfunika mtoto. Ubaoni iliandikwa saa nane na dakika kumi, ampisilini gramu mbili. Kisu kilianza saa nane na nusu.