Ringi saba

Tangu Jumatano sentensi moja imegoma kunitoka kichwani, na kila nikifumba macho inarudi kwa sauti ileile ya fundi mkuu, sauti ya upole isiyo na ugomvi wowote: "Mama Neema, ramani ni karatasi, nyumba anaijenga fundi."

Nilikuwa nimepita Goba, tunakojenga nyumba yetu, nikitoka kazini, kwa kuwa zege la lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha na milango, lilikuwa limwagwe kesho yake asubuhi. Juu ya dirisha la sebule, ambalo ndilo pana kuliko yote, ramani inataka ringi, vile vyuma vyembamba vinavyopindwa kuzifunga nondo pamoja, kila baada ya sentimita 15. Nilinyoosha futikamba juu ya nondo nikasoma 25, nikasogea nafasi ya pili, nayo ikawa 25. Katika urefu ule wa mita 2.7 zilipaswa kuwamo ringi 19; nilihesabu 12. Ndipo aliponiambia maneno yale, nami, badala ya kumweleza kwamba ringi ndizo zinazoizuia lenta isipasuke kimshazari karibu na pembe za dirisha, nikajibu, "Haya fundi, wewe ndiye unayejua."

Jibu langu hilo linaniuma kuliko kauli yake. Ninayejua ni mimi pia, kwa sababu ramani ile tuliikalia miezi minne na mchoraji. Lakini mkataba tuliomsainisha fundi ulitaja fedha na muda peke yake. Hatukuandika unene wa nondo, uwiano wa zege, wala sharti kwamba zege lisimwagwe kabla nondo hazijakaguliwa.

Alfajiri ya Alhamisi nilimsindikiza Baba Neema uwanja wa ndege kuelekea kituo chake kipya Mtwara, na kabla sijatoka pale nikampigia fundi, nikamwomba zege lisubiri na gharama za ringi nitazibeba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mama."

Nilipofika Goba, yule kijana msaidizi alikuwa akipinda ringi kwenye ubao wa misumari, na juu ya nondo alikuwa ameshachora alama za chaki, moja kila sentimita 15. Nilizipima zote, na machozi yalinilengalenga. Kabla ya kupaua tutaandika upya: ukubwa wa mbao, dawa ya mchwa, na malipo ya kila hatua baada ya ukaguzi.

Neema bado anakohoa usiku, na dawa aliyopewa imekwisha leo.