Nilivyoandika Wasifu wa Roberto Farinacci kwa Kiswahili

Nilipoanza kuandika wasifu wa Roberto Farinacci, nilidhani kazi ingekwisha kwa wiki mbili. Kiitaliano nilikuwa nimekisoma Perugia, tarehe za maisha yake zinajulikana, na mtu mwenyewe hakuishi kwa kificho: alizaliwa Isernia tarehe 16 Oktoba 1892, akahamia kaskazini na wazazi wake, akawa mfanyakazi wa reli, mwandishi wa habari, mbunge, kisha katibu wa chama cha kifashisti cha Benito Mussolini, dikteta wa Italia, na akapigwa risasi na wapiganaji wa ukombozi mjini Vimercate tarehe 28 Aprili 1945, siku ileile aliyouawa Mussolini mwenyewe. Ilinichukua miezi mitano.

Kila nilipomaliza sehemu, nilimsomea mjomba wangu, mstaafu wa reli ya Tanga, ambaye macho yake hayamudu tena herufi ndogo lakini masikio yake hayapitwi na neno. Marekebisho yalianza ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba kijana Farinacci alikuwa "afisa wa usafirishaji" huko Cremona, kaskazini mwa Italia. Mjomba akanikatiza, akataka kujua alifanya kazi gani hasa, nami nikamweleza habari za telegrafu, yaani simu ya maandishi, na stesheni ndogo nje ya mji. "Basi huyo ni msaidizi wa stesheni masta," akasema, "usimpe cheo asichokuwa nacho." Nilifuta. Baadaye neno hilo lilinisaidia sana, kwa sababu wapinzani wa Farinacci, wakikumbuka kwamba alikaa vitani muda mfupi kisha akarudishwa relini, walimbandika jina la "onorevole Tettoia", na Kiswahili kina neno la kumwita mbunge linalolingana kabisa na lile la Waitaliano: Mheshimiwa Banda la Stesheni. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

Neno lililonitesa kuliko yote ni *ras*. Waitaliano waliwaita hivyo vigogo wa ufashisti waliotawala mikoa yao kwa vikosi vya mashati meusi, na Farinacci ndiye aliyekuwa ras wa Cremona. Walilichukua neno hilo Uhabeshi, ambako lilikuwa cheo cha wakuu wa majimbo walioamuru majeshi yao wenyewe. Nilijaribu "kigogo", lakini kigogo anaweza kuwa mzee wa heshima asiyempiga mtu. Nilijaribu "jumbe", likanuka ukoloni wa kwetu. Nilijaribu "mbabe", likawa la mtaani mno. Mwishowe nililiacha lilivyo na kueleza asili yake kwa sentensi moja, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili tayari analifahamu kwa njia mbili, kwanza katika majina ya pwani kama Ras Kutani, ambako ni neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa, na pili katika jina la Ras Tafari. Sikujua bado kwamba uamuzi huo ungenisaidia mbele ya safari.

Kosa langu kubwa halikuwa la msamiati. Kwa miaka zaidi ya ishirini Farinacci alikuwa na gazeti lake, kwanza likiitwa Cremona Nuova, kisha, kuanzia 1926, Il Regime Fascista, na mtu mwenye gazeti huandika wasifu wake kila siku kabla wengine hawajaamka. Nilipomsomea Mjomba sehemu ya mwaka 1922 aliniuliza swali lililonifanya nirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza: "Mpwa wangu, mbona kama unamsifu?" Nilipopitia upya maandishi yangu niliona kwamba sikuandika sifa hata moja, ila vitenzi vyote vilikuwa vyake. Nilikuwa nimesema "alirejesha utulivu" katika mkoa, "aliisafisha" halmashauri ya mji, "aliwanyamazisha wachochezi". Nikaamua kwamba kila kitenzi lazima kimtaje aliyetendwa. Sentensi ya utulivu ikageuka kuwa habari ya Julai 1922, mafashisti walipolivamia jengo la manispaa ya Cremona na kuiharibu nyumba ya Guido Miglioli, mbunge Mkatoliki aliyewaongoza wakulima wa mkoa huo kudai sauti katika mashamba waliyoyalima. Panapotajwa rungu nikaandika rungu, na panapotajwa mafuta ya mbarika nikaeleza kwamba watu walinyweshwa kwa nguvu ili wadhalilike mbele ya majirani zao. Sehemu hiyo iliongezeka maradufu, na sijuti.

Kuhusu shahada yake ya sheria, aliyoipata Modena mwaka 1923 kwa tasnifu iliyodaiwa kuwa imenakiliwa, niliandika mistari miwili tu. Kilichostahili kurasa ni matumizi ya shahada hiyo. Giacomo Matteotti, mbunge wa upinzani, alitekwa na kuuawa na mafashisti tarehe 10 Juni 1924. Farinacci akawa katibu wa chama Februari 1925. Na kesi ya wauaji, iliyohamishiwa Chieti, mbali na Roma, iliposikilizwa Machi 1926, katibu huyo wa chama tawala alisimama mahakamani kama wakili wa Amerigo Dumini, mmoja wa washtakiwa. Mussolini alitaka kesi ipite kimyakimya, Farinacci akaigeuza jukwaa la siasa. Dumini alihukumiwa miaka 5, miezi 11 na siku 20, na kwa msamaha uliokuwapo akatoka baada ya muda mfupi tu. Siku chache baada ya hukumu, tarehe 30 Machi, Farinacci akaondolewa katika ukatibu. Nilitamani kuandika kwamba aliadhibiwa kwa aibu ya kesi ile, lakini ukweli ni kwamba Mussolini alikuwa na sababu nyingine pia za kumchoka, nami nikaziweka zote pamoja.

Miaka iliyofuata niliipitia haraka: kelele zake gazetini dhidi ya Wayahudi, tuzo ya uchoraji aliyoianzisha Cremona mwaka 1939, ambapo wachoraji walitakiwa kuonyesha watu wakimsikiliza Duce, yaani Mussolini, redioni (kichekesho ambacho hakihitaji msaada wangu), na usiku wa Julai 1943 katika Baraza Kuu la mafashisti, wajumbe 19 walipounga mkono hoja iliyomwangusha Mussolini, naye akaipigia kura hoja yake mwenyewe.

Nilikawia Dessie, mji wa Uhabeshi, nchi ambayo Italia ilikuwa imeivamia. Mwaka 1936 ras wa Cremona alikuwa katika nchi ya maras halisi, amejitolea vitani, na huko akapoteza mkono wa kulia. Habari iliyotolewa nyumbani ilikuwa ya ajali ya mazoezi. Kumbe alikuwa akivua samaki kwa mabomu ya mkono, na wenzake wakamtania kwa jina la mdiria, yule ndege mla samaki. Hapa sikuhitaji maelezo yoyote, kwa sababu Tanga tunaujua uvuvi wa baruti na tunawajua wanaume waliorudi ufukweni bila kiganja. Sentensi niliyoiandika ilikuwa fupi kuliko zote katika wasifu mzima.

Nilipomsomea Mjomba, alikaa kimya kitambo, akavua miwani ambayo haimsaidii tena, akauliza kama angalau samaki walipatikana.