Kiwiko kimevunjika, na kifundo je? Siku yangu kliniki ya mifupa, Tanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka Ngamiani kwa baiskeli, mahamri na mbaazi vimeshatulia tumboni.

Saa mbili, raundi ya wodi. Majeruhi wawili wa bodaboda, wote wanaendelea vizuri.

Saa nne anaingia mkwezi kutoka Pongwe. Siku nne nyuma aliteleza mnazini, akajikinga kwa kiganja. Alikotibiwa kwanza waliona kichwa cha radiasi, mfupa wa upande wa gumba, kimevunjika kiwikoni. Wakamfunga mkono shingoni.

"Daktari, kiwiko nakivumilia. Kinachoninyima usingizi ni huku," akashika kifundo cha mkono, upande wa kidole cha mwisho.

Nilishtuka. Miaka ya nyuma mama mmoja muuza samaki aliniambia vivyo hivyo, nikamjibu yatapoa. Hayakupoa, na mkono wake haukurudi. Tangu hapo sishiki kiwiko kilichovunjika bila kushika na kifundo.

Nikambonyeza katikati ya kigasha, akaguna. Nikamwambia ageuze kiganja juu kama anayeomba dua, kikagota njiani. Ncha ya alna, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, imechomoza mgongoni mwa kifundo, nikiibonyeza inazama, nikiiachia inarudi.

Saa tano na nusu, eksirei ya vifundo vyote viwili, maana bila mkono mzima wa kulinganisha utadanganyika. Radiasi ya mkono mbovu imepanda. Mifupa hii miwili imeunganishwa na utando. Ukichanika, kichwa cha radiasi ndicho kinachozuia mfupa usipande kuelekea kiwikoni. Nacho kimevunjika. Jeraha hili linaitwa Essex-Lopresti, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeandika habari zake mwaka 1951.

Saa saba nimeongea na bingwa kwa simu. Kichwa kiungwe kwa skrubu, au kikiwa kimesagika kiwekwe cha bandia. Kifundo kikibaki kulegea, kipigwe pini, kiganja kikitazama juu, kwa wiki kadhaa. Rufaa, Muhimbili.

Baba yake mdogo akauliza kwa nini tusitoe vipande tu, yaishe leo. Nikafunga kalamu mbili kwa plasta ya kunata, nikaichana, nikamwambia, "Mzee wangu, sukuma hii moja." Ikateleza juu. Akaitazama kwa muda. "Basi la asubuhi ni saa ngapi?"

Saa tisa naandika rufaa. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa: KIFUNDO KIANGALIWE.