Fuvu lenye mabawa lilivyoniaibisha, na nati mbili zilivyoniokoa

Mimi ni fundi wa pikipiki za kuundwa upya. Mtu analeta pikipiki ya kawaida, nakata fremu kwa nyuma, nabadili tangi, kiti, hendeli na eksozi, anaondoka na kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Kuchomelea najua. Kuchora sijui, na mwandiko wangu hunishinda hata mimi mwenyewe kuusoma kesho yake. Kwa hiyo mtu asidhani hapa anafundishwa na msanii.

Kwa miaka minne karakana haikuwa na jina. Watu walisema tu "kwa yule fundi mrefu", na ilitosha. Kisha pikipiki moja niliyoihangaikia miezi mitatu ikapigwa picha, picha ikazunguka kwenye simu za watu, na kila aliyeuliza nani kaiunda akatajiwa fundi mwingine. Usiku ule sikulala.

Hapo ndipo washauri walipomiminika. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kubadili hata plagi, aliniambia nembo ya pikipiki isiyo na fuvu ni jogoo asiye na kishungi. Mwingine akataka mabawa. Wa tatu akashikilia pistoni mbili zilizopishana, wa nne akataka moto. Nami, kwa kuwa sikutaka kumuudhi mtu, nikaweka vyote, ndani ya ngao yenye mkanda katikati. Jina tukaliita Kasi ya Chuma, likaandikwa kwa zile herufi za kale zenye pembe na mikia. Kijana aliyechora simlaumu. Alichora nilichoagiza.

Kwenye skrini rangi ya chungwa iliwaka kama indiketa. Nikaagiza stika mia mbili na kibao kikubwa cha mlangoni, vyote kwa mpigo, maana mimi ni mtu wa haraka. Kibao kilipofika, chungwa lilikuwa limegeuka tofali. Baadaye nilielezwa kwamba skrini huchanganya mwanga na mashine ya kuchapa huchanganya wino, na zipo rangi kali ambazo wino nne za kawaida hazizifikii hata ufanyeje. Kingo za fuvu nazo zilikuwa na ngazi ngazi, kwa sababu faili niliyopewa ilikuwa picha ya vidoti, si mchoro wa vekta unaokuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuharibika. Ukiagiza nembo, usimalize malipo kabla hujashika faili ya vekta. Mimi nilikuwa nimemaliza zamani.

Nikakitundika hivyo hivyo. Siku ya pili akaingia mzee mmoja na bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wakili yupo?"

"Wakili gani, mzee?"

"Si mmeandika hapo nje? Kesi ya Chumba. Nina mpangaji, mwezi wa tano huu hajalipa."

Nikatoka kuangalia. Ile "a" ya Kasi ilikuwa na mikia mingi hadi imekuwa "e". Na ulimi mmoja wa moto, uliochorwa kati ya "m" na "a" ya Chuma, ulisimama pale umetulia kabisa, herufi "b" isiyo na wasiwasi. Kesi ya Chumba. Tangu dakika ile sijaweza tena kukisoma vinginevyo.

Hilo lingetosha, lakini stika nazo zilikuwa na lao. Ya kwanza niliibandika juu ya tangi la mteja, karibu na kifuniko, nikaipulizia klia ya kopo, ile rangi angavu ya kufunika juu, ikang'aa. Mteja akaja kuichukua pikipiki amevaa vizuri, na ndugu wawili wa kumpiga picha. Nikamjazia mafuta mwenyewe, kwa mbwembwe, yakafurika kidogo. Akapitisha kiganja kufuta. Bawa la kulia likabaki kiganjani mwake. La kushoto likaanza kuteremka taratibu juu ya tangi, likavuta na taya la fuvu. Yule bwana akaangalia mkono, akaangalia tangi, akaniambia: "Fundi, ndege wako amekufa."

Klia ya kopo isiyo na hardena, ile dawa ya kuifanya igande ngumu, hulainishwa na petroli, na ikishalainika stika iliyo chini haina mtetezi. Inayohimili ni ile ya kuchanganywa na hardena. Lakini hiyo ina kemikali za kuumiza mapafu, na barakoa ya vumbi haikusaidii kitu, kwa hiyo mimi humpelekea mpiga rangi mwenye chumba chake na hewa ya kuvutia kwa bomba. Kabla ya kuamini stika yoyote, ilaze chini ya kitambaa kilicholowa petroli, ukanywe maji, urudi. Kipimo hicho kinaniambia zaidi ya washauri wote wanne.

Msumari wa mwisho uliletwa na mteja mpenzi wa Harley-Davidson. Alitazama ngao yangu na mkanda wake, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba wale wana ngao na mkanda tangu mwaka 1910. Sikujua. "Una wakili?" akauliza. Nikamkumbuka yule mzee.

Nikashusha kibao. Nikakaa miezi bila jina tena, nikiwa na hasira na fuvu zote duniani.

Jibu lilikuja kupitia simu ya mtu nisiyemjua: "Wewe ndiye fundi wa nati za njano?" Nikamuuliza nati gani. "Zile mbili za mbele, eksozi inapoingia kwenye injini. Nimeziona kwenye pikipiki tatu sasa."

Basi nieleze. Eksozi kwenye injini nyingi hushikwa pale kichwani na nati mbili. Zikiwa za chuma cha kawaida, joto na kutu huzigandisha, na siku ya kufungua unavunja studi, ule msumari wa hesi uliozama kwenye injini ambao nati hufungwa juu yake. Kutoa studi iliyovunjika ndani ya aluminiamu ni kazi ya kumfanya mtu atukane watu wasiokuwapo. Nilishavunja za kutosha, nikaapa kila pikipiki inayotoka kwangu itafungwa nati za shaba pale, maana hazigandi kirahisi. Sikufanya hivyo kwa urembo. Ila kwenye injini niliyoipaka nyeusi, nati mbili za njano zinaonekana kutoka mbali, na watu walikuwa wameshaniita kwa jina hilo huku mimi nikichora mabawa.

Karakana ikaitwa Nati Mbili. Nembo ni pembe sita mbili zenye tundu, zimekaa sambamba, moja imezungushwa kidogo kuliko nyenzake, kama zinavyokaa kweli baada ya kukazwa. Mchoraji safari hii nilimpa sharti moja: niisome ikiwa na upana wa kichwa cha boliti. Rangi ni kijivu cha praima na njano ya haradali. Nilitaka dhahabu, akanikatalia, akasema dhahabu inayong'aa inahitaji wino wa pekee kila unapochapa. Namshukuru.

Shemeji alilalamika kwamba haina pikipiki ndani yake. Nikamwambia atazame Yamaha: uma tatu za kupimia sauti za muziki, kwa sababu kampuni ilianza na ala za muziki mwaka 1887. Nembo ya BMW, ambayo watu huapa kwamba ni pangaboi la ndege, ina rangi za jimbo la Bavaria. Ilisajiliwa mwaka 1917, na habari ya pangaboi ilishika baada ya tangazo la mwaka 1929. Akanyamaza, jambo la nadra.

Sasa kitu ninachojivunia kuliko vyote. Sikutaka tena stika kwenye tangi. Nikanunua nondo ya shaba ya pembe sita, moja tu, kwa bei isiyofika ya tairi la nyuma, nikaitoboa katikati kwenye mashine ya kukerezea, kisha nikaanza kuikata vipande vyembamba kama milimita tatu. Kila kipande ni nusu ya nembo. Nondo moja imenipa nembo za pikipiki nisizozihesabu, na bado haijaisha.

Tatizo lilikuwa tangi ni la mviringo na kipande ni bapa. Kikikaa, kingo zinaning'inia. Nilijaribu kukikunja kwenye jiliwa, kikapasuka. Nikajaribu tupa, nikaharibu vitano. Halafu nikafunga msasa juu ya tangi lenyewe, upande wenye mchanga ukitazama juu, nikakisugua kipande papo hapo kitakapokaa. Tangi likachonga mgongo wa nembo, na dakika chache baadaye kilikaa utadhani kimeota pale. Nilimwita kila mtu aliyekuwa karibu aje aone. Hakuna aliyeshangaa kiasi nilichotaka.

Fanya hivyo kabla ya rangi, na mahali pa gundi pafunikwe kwa utepe wakati wa kupaka, ili gundi ya vichupa viwili ishike chuma. Ukibandika juu ya rangi, siku moja nembo itaondoka na rangi yake. Na usithubutu kugonga muhuri wako kwenye shingo ya fremu, karibu na namba ya chasisi. Askari akiona chuma kimegongwa jirani na namba ile, maelezo yako ya sanaa hayatamgusa.

Usajili wa jina na nembo nao nilifanya, baada ya kutafuta kwanza kama kuna mwenye kitu kama hicho. Nchi nyingi hufuata mpangilio wa Nice, orodha ya kimataifa ya kugawa bidhaa na huduma wakati wa kusajili nembo, wenye madaraja 45: la 37 ni matengenezo, la 12 ni vyombo vya usafiri, la 25 ni nguo. Nilianza na 37 peke yake, kwa kuwa kila daraja lina ada yake. La nguo nililiongeza watu walipoanza kuulizia fulana.

Kile kibao cha kwanza bado ninacho. Kimelala sakafuni, naweka juu yake injini zinazovuja, na fuvu limelowa oili hadi menoni. Yule mzee sasa ni mteja, ana pikipiki yake ndogo ninayomfanyia sevisi. Kila akija hukiangalia, hutikisa kichwa, halafu huniuliza kesi imefikia wapi.