Ilikuwa Moyoni Mwako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Wafalme 8:17–19. Sulemani amesimama mbele ya hekalu jipya, watu wamefurika, na katikati ya shangwe anamkumbuka marehemu baba yake. Daudi alitamani mno kumjengea Bwana nyumba. Bwana akamjibu kwamba amefanya vema kuwa na nia hiyo moyoni, ila hatajenga yeye, atajenga mwanawe. Miaka yote nimekuwa nikisoma mistari hii nikiona lile katazo tu. Safari hii nimekwama hapo penye "umefanya vema", na kilichonikwamisha ni habari ya mpira.

Wapenzi wa soka mnamkumbuka Eiður Guðjohnsen, mshambuliaji wa Iceland (ile ð itamkeni dh, kama ya dhahabu). Alitua Chelsea mwaka 2000 akitokea Bolton, akatwaa ubingwa wa Uingereza mara mbili, 2005 na 2006, kisha akaenda Barcelona na kuwa kwenye kikosi kilichobeba kombe la Ulaya mwaka 2009. Hayo ni makubwa. Lakini mimi nataka tusimame kwanza Tallinn, mji mkuu wa Estonia, tarehe 24 Aprili 1996.

Ilikuwa mechi ya kirafiki, Iceland ikashinda 3–0. Uwanjani alikuwepo Arnór Guðjohnsen, mshambuliaji wa miaka 34 aliyewahi kung'ara Anderlecht ya Ubelgiji. Benchi alikaa kijana wa miaka 17, mwanawe wa kumzaa. Kipindi cha pili yakafanyika mabadiliko: baba atoke, mwana aingie. Hebu waoneni hapo pembeni. Mmoja mguu wake uko nje ya mstari, mwingine wa kwake uko ndani, jezi ni ile ile, jina ni lile lile, na kati yao upana wa chaki tu. Dunia nzima iliwashangilia. Wao wenyewe walikuwa wanatamani jambo jingine: wacheze pamoja, dakika moja hata mbili, baba atoe pasi mwana afunge.

Wakuu wa soka wa nchi yao walitaka jambo hilo litokee kwa mara ya kwanza nyumbani, Reykjavík, mbele ya watu wao, katika mechi iliyokuwa inafuata. Nani angewalaumu? Yalikuwa mawazo mazuri. Ila kabla siku hiyo haijafika, Eiður aliumia vibaya kifundo cha mguu akiichezea timu ya vijana. Alikaa nje muda mrefu. Aliporudi kwenye kiwango chake, baba alikuwa ameshaachana na timu ya taifa. Hawakucheza pamoja kamwe. Baba alisema baadaye kwamba hilo ndilo jambo linalomuuma kuliko yote.

Mnaliona lilivyo? Halikuwa ombi baya. Wala hapakuwa na uvivu au dhambi iliyolizuia. Lilikuwa jema, lilikuwa karibu, na halikuwa.

Eiður aliendelea na kazi, na kazi ilikuwa ndefu. Novemba 2013, Iceland ilipofungwa na Croatia kwenye mechi ya mwisho ya mchujo wa Kombe la Dunia, alilia mbele ya kamera akidhani ndiyo mwisho wake na taifa. Haukuwa mwisho. Mwaka 2016, akiwa na miaka 37, aliingia uwanjani kwenye fainali za Ulaya kule Ufaransa, na nchi yake ndogo ikafika robo fainali. Akamaliza akiwa na mabao 26 ya timu ya taifa.

Kisha ikaja Oktoba 2021. Sasa yeye ni kocha msaidizi, amevaa koti, yuko pembeni ya uwanja Reykjavík. Iceland inacheza na Liechtenstein. Dakika za mwishoni kijana wake Sveinn Aron anatoa pasi, mdogo wake Andri Lucas anafunga. Guðjohnsen kwa Guðjohnsen, nyumbani, mbele ya watu wao. Baba yao anatazama kutoka ng'ambo ya chaki.

Sisemi kwamba bao lile lilifuta kidonda cha Tallinn. Daudi naye hakuliona hekalu kwa macho yake. Ila someni 1 Nyakati 22, maana hapo ndipo ninapompendea mzee yule. Baada ya kuambiwa hutajenga, hakununa. Alikusanya mawe ya kuchonga, mierezi, shaba, hata chuma cha kufulia misumari ya milango. Misumari, wapendwa! Mtu anaandaa misumari ya mlango ambao hataufungua.

Niwaambie kwa nini neno hili limenishika. Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Tulikubaliana tujenge pamoja nyumba ya kijijini: yeye atajenga ukuta, mimi nitamchanganyia udongo na kumpa tofali mkononi, kama nilivyofanya nikiwa mdogo. Akafyatua tofali, akazichoma, akazipanga chini ya mwembe. Mimi nikawa nasema Krismasi ijayo. Krismasi ya tatu tulikwenda kumzika. Tangu hapo kila nikifika nyumbani napita upande wa pili wa ule mwembe nisizione. Zimeota kuvu, kuku wanatagia katikati yake. Nilizihesabu kuwa ushahidi dhidi yangu.

Mwezi uliopita mwanangu wa kwanza, ambaye naye amejifunza uashi, aliniuliza kwa adabu, "Baba, zile tofali za babu bado ni nzima?" Sikuwa na jibu. Juzi nikaenda, nikainua moja, nikaigonga kwa nyingine. Ililia kama kengele.

Jumamosi tunakwenda kupima msingi. Atakayejenga ni yeye. Mimi nitachanganya udongo. Tuombeeni.