Nilikausha nyanya ndani ya gari la mume wangu

Kwanza kabisa yule aliyeniambia "wee weka tu kwenye friza" nimeshamsamehe, ila kusahau bado. Ni wifi yangu, na najua akisoma hapa atacheka tu maana ushauri wake huwa anaugawa bure na hautoi risiti.

Iko hivi. Bustani yangu ya nyuma ya nyumba msimu huu ilizaa mpaka ikanitia aibu. Nyanya zinaiva ndoo nzima kwa siku, maharage mabichi (yale ya kijani unayokula na maganda yake) ukichuma asubuhi jioni ni kama hujagusa, kabichi, spinachi, hoho, karoti, vitunguu ndo usiseme. Mwanzoni raha, unapiga picha, unawagawia majirani. Wiki ya tatu majirani wakiniona nakuja na beseni wanazima taa. Ndo nikapiga simu kwa wifi, na yeye bila hata kufikiri akasema friza.

Basi nikaosha, nikakata, nikajaza mifuko, nikashindilia. Maharage, spinachi, vyote. Nikatembea kifua mbele siku mbili nzima. Baada ya kama miezi miwili natoa mfuko wa maharage, rangi siielewi, si kijani si kahawia, kupika yakawa kama kamba na harufu ni ya nyasi kavu kabisa, ile ya kulishia ng'ombe. Kitinda mimba wangu akaonja kijiko kimoja akaniuliza kwa upole, "Mama, hii ni dawa ya nini?" Mifuko 11 jamani. Nilihesabu mmoja mmoja huku namwaga kwenye mboji, na spinachi yake ilikuwa imeganda jiwe moja, na juu ya hayo nikaiangusha mguuni.

Kumbe baridi haiui vile vimeng'enya vya kwenye mboga, inavipunguza kasi tu, vinaendelea taratibu kula rangi na ladha humohumo gizani. Lazima uvikate makali kwa moto kwanza: unazitumbukiza mboga kwenye maji yanayochemka, maharage dakika 3, spinachi na karoti za vipande dakika 2, halafu papo hapo kwenye maji ya barafu zisiendelee kuiva. Na dakika unaanza kuhesabu maji yakirudi kuchemka, sio pale unapotumbukiza, kwa hiyo usiweke rundo zima sufuria ikazimia. Halafu unakausha maji vizuri, unazitandaza kwenye trei zigande moja moja ndo unatia mfukoni, hapo utachota kiasi unachotaka badala ya kupigana na jiwe kama mimi. Hewa ya mfukoni niliitoa kwa kuuzamisha mfuko kwenye beseni la maji huku mdomo uko juu, maji yanaubana yenyewe hewa inatoka, unafunga. Hii niligundua mwenyewe nikaringa sana, baadae nikakuta watu wanaijua zamani.

Hoho wala hazitaki shida hizo, kata weka. Nyanya pia unaweza kuzigandisha nzimanzima, na siku ya kupika unaipitisha chini ya bomba ganda linavuka lenyewe kama soksi. Ila friza ilishajaa na nyanya bado zinakuja tu.

Nikasema nakausha. Jaribio la kwanza sitaki kulielezea sana, nilikata vipande vinene kama vya kuweka kwenye mkate, nikatandaza kwenye shuka juu ya bati, mawingu yakafunga siku tatu, ya nne nikakuta ukungu na sisimizi wamefanya mkutano mkuu. Shuka lenyewe halikutakata tena.

Sasa siku moja jua kali, naingia kwenye gari la mzee kuchukua miwani yangu, gari limeshinda juani madirisha juu, usukani ukanichoma mkono. Nikasimama pale na mlango wazi nikiwa nacheka peke yangu. Yaani nina oveni ya bure imepaki nje! Nikachukua kipimajoto cha jikoni nikakilaza kwenye dashibodi, saa nane mchana kikasoma nyuzi 61. Na nyanya zinataka kama 55 hadi 60 hivi. Aisee sikungoja mtu aniruhusu. Safari hii nikakata vyembamba, nusu sentimita, nikapanga kwenye zile waya za oveni, nikafunika na kipande cha pazia jepesi la zamani nilichokichemsha, waya mbili nyuma, moja kiti cha mbele, nyingine kwenye dashibodi, na bado nikapata nafasi ya trei ya hoho chini ya miguu.

Siku ya kwanza nikaharibu. Nilifunga madirisha yote nikidhani joto ndo kila kitu, jioni nafungua nakuta vioo vinatiririka maji kwa ndani na nyanya zangu hazijakauka, zimechemka kwa mvuke. Joto bila njia ya kutokea unyevu ni sufuria tu hiyo. Kesho yake nikashusha kila dirisha upana wa kidole, hewa ya maji ikapata pa kwenda, na usiku nikawa naziingiza ndani zisipigwe na umande. Siku ya tatu zilikuwa kama ngozi laini, unakunja haivunjiki na ukiminya haitoi tone. Kilo 10 za nyanya zikawa nusu kilo na kitu kidogo. Nilipima mara mbili nikidhani mzani umeharibika, nikakumbuka nyanya ni maji zaidi ya asilimia 90, kumbe muda wote nilikuwa nabeba ndoo za maji.

Mume wangu alikuwa safarini wiki hiyo, na hakuna aliyeniuliza ndo maana sikusema. Karudi Jumapili, Jumatatu kampa mwenzake wa kazini lifti. Jioni kaingia kakaa kimya, halafu: "Mke wangu, naomba uniambie ukweli, kwa nini gari linanuka pitsa?" Mwenzake alikuwa ameuliza kama wanauza chakula pembeni. Nikamwonyesha chupa. Akaonja moja, akaonja ya pili, akaondoka na chupa. Kesi ikaishia hapo.

Ah, nisisahau, ukishakausha usifungie tu ukaondoka. Jaza chupa theluthi mbili, itikise kila siku kama wiki moja hivi, ukiona kioo kimetoa jasho kwa ndani rudisha juani haraka. Kuna chupa moja niliionea uvivu, ikaota manyoya.

Zilizobaki nikapika rojo nikatia kwenye chupa za kioo, kila lita na vijiko viwili vya chakula vya juisi ya limao ile ya dukani ya chupa, maana uchachu wa nyanya haulingani na zingine hazifiki kiwango cha usalama. Nikazichemsha chupa zikiwa zimezama kabisa dakika 45 (ukikaa juu milimani unaongeza), zikipoa vifuniko vinalia tik, tik, mi nilikaa jikoni usiku nahesabu kama mjinga, zikalia 13 kati ya 14, ile moja tukaila kesho yake.

Hapo ndo shemeji naye akaja na yake, eti maharage nayo tia chupani uchemshe masaa mawili yatakaa mwaka. Shemeji hapana. Maharage hayana uchachu, na kuna bakteria mbegu zake hazifi kwenye maji ya kuchemka hata uchemshe mpaka gesi iishe, humo ndani pasipo hewa zinatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua kweli. Inatakiwa mashine maalum ya presha inayofika zaidi ya nyuzi 115, na sio presha kuka ya kawaida. Mi sina, ni hela ndefu kiasi, kwa hiyo maharage yangu yalibaki friza. Shemeji akasema naogopa sana. Sawa, naogopa.

Kabichi nilichachusha kwa chumvi, gramu 20 kwa kila kilo, unaifinya mpaka itoe maji yake yenyewe na unahakikisha imezama chini ya hayo maji, halafu unalegeza kifuniko kila siku kutoa gesi. Siku ya tatu nilisahau. Kabati bado lina alama. Vitunguu niliviacha kivulini wiki mbili tatu hadi shingo zikakauka ndo nikakata, na viazi nikaviweka mbali navyo. Karoti ziko kwenye boksi la mchanga wenye unyevu, bila kuoshwa, majani nimeyanyofoa, na mpaka leo ukivunja zinalia.

Nyanya za gari zimebaki chupa mbili. Juzi mzee kanikuta bustanini nahesabu maua ya nyanya mpya, hakusema kitu, kaingia ndani, kachukua funguo za gari mezani akatia mfukoni.